Nani anasimamia baa ya mji mdogo? Sheria ya pombe Kenya na tundu zake

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu wapatao 17 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu. Baadhi ya walionusurika walipofuka. Chanzo kilielezwa na serikali yenyewe: pombe ile ilikuwa imeshakamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, kisha ikaibwa humo na kurudishwa kwa wanywaji. Maafisa wa polisi walitiwa mbaroni. Tarehe 6 Machi Kithure Kindiki, wakati huo akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, akatangaza hatua zaidi ya 20: leseni za viwanda vya vileo vikali vya bei nafuu zisimamishwe hadi vikaguliwe upya, baa zilizo ndani ya mitaa ya makazi zifungwe, na leseni zilizotolewa kiholela zipitiwe moja moja.

Sehemu kubwa ya hatua hizo ilimlenga mwenye baa na mahali baa ilipo, ilhali sumu ya Kangai ilitoka ghala la polisi. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza hapa, maana limejirudia mara nyingi mno. Sheria zetu za pombe zinapima sana mlango, saa na umbali, na hazipimi vya kutosha kilichomo kwenye glasi na bei ya glasi hiyo. Ili kuona hivyo ni lazima kwanza tujue nani anashika nini.

Sheria moja, wenyewe wengi

Sheria kuu ni ile ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na aliyewasilisha mswada wake. Ilianza kutumika Novemba 2010. Masharti yake makubwa hujulikana hata na mtu ambaye hajaisoma. Asiye na miaka 18 asiuziwe. Baa ya kawaida ifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Na vile vifuko vidogo vya plastiki vilivyokuwa vikiuzwa hadi kwenye vibanda vya mboga, marufuku.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo ilizaliwa mwaka uleule wa Katiba mpya. Iliandikwa kwa mfumo wa zamani wa wilaya, na leseni zilikuwa zitolewe na kamati inayoongozwa na mkuu wa wilaya. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, ikasema utoaji wa leseni za pombe ni kazi ya kaunti. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zikaanza kutunga sheria zao. Nairobi ilipata yake mwaka 2014. Ndiyo maana leo ada na masharti hubadilika ukivuka mpaka wa kaunti, hata kama miji yenyewe imekaribiana kiasi cha kufikika kwa bodaboda.

Serikali kuu haikutoka uwanjani. Ushuru uko kwa KRA (mamlaka ya mapato), viwango viko kwa KEBS (shirika la viwango), sera na kampeni ziko kwa Nacada (mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya), na nguvu ya kuvunja mlango iko kwa polisi. Pia kuna chifu. Sheria ya Machifu, yenye asili yake mwaka 1937, humpa uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupunguza utengenezaji na unywaji wa pombe katika eneo lake. Kwa hiyo mwenye baa anaweza kuwa na leseni halali ya kaunti na bado akafungiwa na ofisi ambayo haikuitoa. Gavana atasema operesheni ni ya serikali kuu, na serikali kuu itasema baa zimezidi kwa sababu kaunti inagawa leseni kama njugu. Kila upande una ukweli wake, na mkazi hana pa kushtaki.

Simama kwenye kaunta ya baa ya mji mdogo utazame ukutani. Utaona fremu zimepangwa: leseni ya biashara, leseni ya vileo, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, kibali cha kupiga muziki. Kila karatasi ina ofisi yake, na kila ofisi ina mtu anayeweza kuingia Ijumaa jioni kuuliza. Hata moja kati ya hizo haisemi lolote kuhusu kilichomo kwenye chupa. Kinachosema ni stempu ya ushuru iliyobandikwa kifunikoni na alama ya ubora ya KEBS. KRA ina programu ya simu iitwayo Soma Label, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kukagua stempu hiyo. Ni chombo kizuri. Lakini mnywaji maskini hanunui chupa. Ananunua kipimo, kinachomiminwa nyuma ya nondo za dirisha, na stempu haioni kamwe.

Mita 300 katika mji wenye barabara moja

Sharti la umbali linaeleweka na kila mzazi, nami naliunga mkono. Hebu tulipime ardhini lakini. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 300 hufunika karibu hekta 28. Miji yetu mingi midogo ni mstari mmoja wa maduka kandokando ya lami, pengine wa kilomita moja, na mara nyingi una shule ya msingi upande huu na ya upili upande ule. Ukitoa mita 300 kila mwisho, zinabaki mita 400 katikati. Humo ndimo baa zote zitasongamana, pamoja na stendi ya matatu, soko na duka la dawa. Baadaye mtu akifungua chekechea ya kibinafsi kwenye ghorofa ya pili katikati ya mji, hata hizo 400 zinapotea.

Ukifuata herufi za sheria bila kukunja, miji mingi isingekuwa na baa hata moja. Basi afisa analazimika kukunja, na mahali ambapo kila mtu amevunja sheria, afisa ndiye anayechagua nani avumiliwe. Hapo ndipo kitu kidogo huanza. Rushwa ya baa ya mji mdogo haihitaji mtu mwovu sana. Inahitaji tu sheria ambayo hakuna anayeweza kuitimiza na afisa mwenye mshahara mdogo.

Saa nazo zina kasoro ileile. Mchuma chai hupima majani yake na kumaliza mapema, mkulima wa mpunga wa Mwea ana kazi kwa msimu, na dereva wa usiku hulala mchana. Mlango wa mbele hufungwa hadi saa kumi na moja kama sheria inavyotaka. Wa nyuma hufunguliwa kwa anayejulikana.

Chang'aa ilihalalishwa, mama pima hakuhalalishwa

Watu wengi bado wanaamini chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ni haramu kabisa. Ilikuwa hivyo chini ya Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya mwaka 1980. Sheria ya 2010 iliifuta ile marufuku. Hoja ilikuwa kwamba miaka 30 ya kuvunja mitungi haikuikomesha pombe, iliificha tu, na pombe iliyofichwa haikaguliki.

Hoja ilikuwa sahihi, ila masharti yaliyoandamana nayo yakaibatilisha. Chang'aa halali ni lazima ifungwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, iwe na lebo yenye maonyo, ipite viwango na ilipiwe ushuru. Mama pima anayepika kando ya mto kwa pipa na bomba, ili alipe karo, hana mashine ya chupa wala maabara. Hakuna aliyemwekea ngazi ya kupandia: ushirika wa watengenezaji wadogo, kituo cha kupima, leseni ya kiwango chake. Alibaki palepale alipokuwa mwaka 1980.

Waliofaidika ni wengine. Pengo lile lilijazwa na vile vileo vya "kizazi cha pili", yaani spiriti ya kiwandani iliyochanganywa na maji, rangi na ladha, ikawekwa kwenye chupa yenye jina la kifahari na kuuzwa kwa bei ya chini sana. Ilitimiza sharti la chupa. Ikaenea kwenye miji ya Mlima Kenya kwa kasi, hadi Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru iangamizwe, na wabunge wakaingia maghalani wakiandamana na makundi ya vijana. Katika vurugu zile bidhaa halali zilimwagwa pamoja na haramu, na nyingine zilibebwa na kunywewa.

Pwani kuna mfano mwingine. Mnazi wa Kilifi hugemwa asubuhi na jioni, na huchacha wenyewe ukiwa bado kwenye kibuyu. Leo mtamu, kesho mkali, keshokutwa siki. Kinywaji kama hicho hakiwezi kuingia kwenye chupa yenye stempu na kukaa rafuni miezi sita. Hata hivyo mgema na mwenye mangwe, yaani kilabu cha mnazi, hujikuta kwenye msako uleule ulioanzishwa kwa sababu ya spiriti yenye sumu ya bara. Mnazi una madhara yake kwa anayeuzidisha, na familia za Kaloleni hazihitaji kuambiwa hilo. Lakini usimamizi wake unahitaji kanuni zilizotungwa kwa ajili ya mnazi.

Sumu hutoka wapi

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo penye maneno mengi ya mtaani yasiyo sahihi. Husemwa kwamba chang'aa hupofusha kwa sababu imepikwa vibaya. Uchafu wa mtungi ni hatari ya kweli, lakini vifo vya halaiki, watu kumi au themanini kwa siku chache, kwa kawaida husababishwa na methanoli ya viwandani iliyotiwa makusudi. Methanoli hutumika kutengeneza rangi, gundi na viyeyusho. Inafanana na pombe ya kawaida kwa macho, na harufu na ladha yake hazimshtui mnywaji. Ni rahisi kuipata kuliko ethanoli iliyolipiwa ushuru, na anayetaka kuongeza ukali bila gharama huichanganya.

Mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita kumi hivi za methanoli safi zinaweza kuharibu macho ya mtu mzima. Kinachotia uchungu ni ucheleweshaji wake. Mtu hunywa jioni, hulala, na huamka akidhani ana uchovu wa kawaida wa pombe. Saa 12 hadi 24 zikipita ndipo ukungu unapotanda machoni, tumbo linauma na pumzi inakuwa nzito. Hospitali ina dawa, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini muda ni kila kitu. Aliyekunywa pamoja na mtu aliyeanza kulalamika macho asingoje yake yaanze; aende mara moja, na aseme wazi alichokunywa. Watu hufia nyumbani kwa sababu wanaogopa kuulizwa walinunua wapi. Nadhani hofu hiyo ni sehemu ya gharama ya msako, ingawa haihesabiwi popote.

Kama sumu inatoka kwenye pipa la kiwandani, basi lango la kulinda ni pipa hilo: nani aliagiza methanoli, imetumika kiasi gani, imebaki kiasi gani, na kielelezo kilichokamatwa kiliteketezwa lini na mbele ya nani. Kangai ilikufa kwenye swali hilo la mwisho. Askari anayezunguka akitazama saa ya kufunga baa hawezi kulijibu.

Tulichojifunza kwenye pipa la Senator

Kenya imewahi kufanya jaribio moja kubwa la kupambana na pombe ya sumu bila rungu, nasi tunalizungumzia kidogo mno. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianzisha Senator Keg. Serikali iliisamehe ushuru ili glasi yake ishindane kwa bei na kipimo cha chang'aa. Kwa upande wake, bia hiyo iliuzwa kutoka kwenye pipa la chuma katika baa, kwa glasi au jagi. Baadaye ikawa inatengenezwa kwa mtama, na wakulima wa Tharaka Nithi, Siaya na kwingineko wakapata soko la nafaka ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chakula cha njaa tu. Wanywaji wakaipachika jina Obama, na katika miji midogo kegi ikawa kinywaji cha kawaida cha mtu wa kipato cha chini. Ilikuwa pombe, yenye madhara ya pombe, lakini haikuwa na methanoli.

Mwaka 2013 Hazina ya Taifa, ikitafuta mapato, iliondoa nusu ya msamaha ule. Bei ya glasi ikapanda. Mauzo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu, baa za kegi zikafungwa, na wakulima wakabaki na mtama wao. Mei 2014, pombe yenye methanoli ikaua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Kodi haikumimina methanoli kwenye chupa, na wahalifu wa aina hiyo walikuwapo hata kabla ya 2013. Lakini mtu mwenye shilingi 50 mfukoni na kiu ya kila siku hakuacha kunywa siku kegi ilipopanda. Alitafuta penye bei yake, na penye bei yake ndipo palipokuwa na sumu.

Mwaka 2015 msamaha ulirudishwa hadi asilimia 90, na kegi ikafufuka, kiasi kwamba mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa tena kwa ajili yake. Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika sera yetu ya pombe: bei ya kinywaji salama cha chini kabisa ndiyo inayoamua watu wangapi watakunywa kile kisicho salama. Mwishoni mwa 2024 mfumo wa ushuru ulianza kuhesabu kiasi cha kilevi halisi kilichomo badala ya lita ya kinywaji kizima. Ni hatua yenye mantiki, kwa kuwa inatoza kile chenye madhara. Kinachobaki ni kuangalia inafanya nini kwa glasi ya bei ya chini.

Leseni kama shamba la mapato

Upande wa kaunti una kishawishi chake. Leseni ya vileo huhuishwa kila mwaka na huleta fedha za uhakika, kwa kaunti ambazo makusanyo yake ni haba. Ofisi inayotakiwa kupunguza baa ndiyo ileile inayopata mapato kila baa inapoongezeka. Jambo hili lina historia. Tangu miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilimiliki kilabu cha pombe cha Waafrika na kutumia faida yake kugharamia huduma za Waafrika haohao, huku Mwafrika akikatazwa bia ya chupa ya Wazungu hadi miaka ya 1940. Mtawala alimzuia mnywaji kwa mkono mmoja na kumuuzia kwa mwingine. Mfumo huo umebadilisha wenyewe tu.

Mwaka 2023 Rigathi Gachagua, wakati huo akiwa Naibu wa Rais, alitaka miji ya eneo la kati iwe na baa moja tu kila mmoja. Akina mama waliopoteza waume na wana kwa pombe walimwelewa, na mimi naelewa kilichowafanya wamwelewe. Lakini baa moja katika mji wa watu elfu tano ni zawadi kwa mwenye baa hiyo, na wanywaji waliobaki hawatoweki. Huhamia sebuleni na kando ya mto, ambako hakuna fremu ukutani wala mtu wa kuulizwa. Sera ya taifa ya Julai 2025 nayo inapendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21 na pombe isiuzwe mtandaoni. Hayo ni mapendekezo ya sera. Hayawi sheria hadi Bunge liyapitishe. Anayefungiwa baa leo kwa kuhudumia mtu wa miaka 19 ana haki ya kuuliza ni kifungu kipi.

Mahali ambapo mkazi ana sauti

Kuna sehemu moja ya sheria ambayo wakazi hawaitumii, nayo ina nguvu kuliko maandamano. Sheria ya 2010 inataka maombi ya leseni yatangazwe hadharani kabla ya kuamuliwa: jina la mwombaji, aina ya leseni, mahali baa itakapokuwa, na siku ya kikao. Tangazo hubandikwa hadi ofisi ya chifu kwa siku zisizopungua 21. Mkazi yeyote anaweza kuandika pingamizi, naye mwombaji anapaswa kujulishwa sababu zake kabla ya kikao. Sheria nyingi za kaunti zimeubeba utaratibu huu kwa namna yake, kupitia kamati ya kaunti ndogo.

Pingamizi linaloshinda halisemi "pombe ni mbaya". Linasema baa hii iko mita 180 kutoka lango la shule fulani, hii hapa picha na hiki hapa kipimo. Linasema mwombaji huyu aliwahi kupatikana na chupa zisizo na stempu. Linauliza mzigo wake unatoka kwa msambazaji gani. Chama cha wazazi wa shule kinaweza kulifanya kwa mchana mmoja. Tangazo lisipobandikwa kabisa, andikeni barua kwa karani wa kamati mkitaka nakala ya orodha ya waombaji, na mwakilishi wadi apate nakala ya barua hiyo siku hiyohiyo.